Mkufunzi Mara Mbili

Kiswahili kina maneno matatu ya kumwita mtu anayeifundisha timu ya kandanda. Wengi humwita kocha. Ndugu zetu wa Tanzania mara nyingi humwita mwalimu. Nao waandishi wa habari za michezo nchini Kenya, hususan katika kurasa za Taifa Leo, wamezoea kumwita mkufunzi. Sina nia ya kuzua mjadala wa istilahi hapa. Wanaisimu wa chama chetu wanauweza kuliko mimi. Hata hivyo, neno hili la tatu lina uzito wa pekee kwangu, kwa sababu katika mfumo wetu wa elimu mkufunzi ni yule anayefundisha katika chuo cha ualimu. Basi mtu ambaye asubuhi huwafunza walimu wa kesho namna ya kuandaa azimio la kazi, na jioni akawafunza hao hao namna ya kupokea pasi, huyo ni mkufunzi mara mbili. Ukufunzi wa asubuhi una mshahara na cheo. Ukufunzi wa jioni hauna mshahara, hauna cheo na, kama nitakavyojaribu kuonyesha, hauna hata kumbukumbu.

Neno kocha nalo limesafiri safari ndefu kabla ya kutufikia. Chimbuko lake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Waingereza wakalichukua jina la gari hilo. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Oxford wakaanza, kwa mzaha, kumwita hivyo mwalimu wa faragha aliyewavusha katika mitihani, yaani aliyewabeba kama gari libebavyo abiria. Kutoka darasani neno likahamia michezoni, na kutoka huko likaingia katika Kiswahili. Mpenzi msomaji, abiria akishafika aendako haulizi gari limelala wapi. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nilipoanza kumtembelea mkufunzi wangu wa zamani nyumbani kwake Runyenjes.

Kwa asiyeifahamu, Runyenjes ni mji mdogo ulio kwenye barabara kuu itokayo Embu kuelekea Chuka na Meru, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Ukipanda upande wa mlima unakutana na majani chai. Ukishuka unapita mashamba ya kahawa na makadamia, kisha ardhi inaanza kukauka polepole hadi unaingia Mbeere. Ni nchi ya vilima na mabonde ya mito. Uwanja tambarare ni adimu, na watoto wa huku tumezoea kucheza katika viwanja vilivyoinama, ambapo katika kipindi cha kwanza timu moja hupanda mlima na nyingine huushuka, kisha zikabadilishana baada ya mapumziko. Mkufunzi wangu alizaliwa huku, akacheza katika viwanja hivyo, na baada ya kustaafu amerudi kuitunza kahawa yake. Simtaji jina kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Chuo pia sikitaji, kwa sababu ninayoyasimulia yangeweza kutokea katika chuo chochote cha ualimu nchini.

Nilijiunga na chuo hicho mnamo 2011 kusomea cheti cha ualimu wa shule za msingi, kile tulichokiita P1. Mkufunzi huyu alitufunza Elimu ya Viungo na Taaluma ya Jamii. Saa kumi jioni alikuwa kiwanjani, kipenga shingoni, na mfuko wa mipira ambayo baadhi yake aliishona mwenyewe. Alikuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume ya chuo. Ninasema kocha mkuu ilhali hapakuwa na kocha mdogo, wala daktari wa timu, wala mtu wa kufua jezi. Mwajiri wake, Tume ya Huduma ya Walimu, alimtambua kama mkufunzi wa masomo mawili. Timu ilikuwa miongoni mwa yale yaitwayo majukumu ya ziada, maneno ambayo kila mwalimu wa Kenya anayajua na ambayo hayaonekani kwenye hati ya mshahara.

Ili kuielewa kazi hiyo, yafaa kwanza kuielewa kanuni moja iliyoitawala. Masomo ya P1 yalichukua miaka miwili tu. Kila mwaka nusu ya kikosi iliondoka. Tena katika miaka hiyo miwili mwanachuo alitumia majuma mengi nje, katika shule za msingi, akifanya mazoezi ya kufundisha. Kocha wa klabu akiona pengo hutafuta mchezaji wa kuliziba. Kocha wa timu ya taifa huchagua miongoni mwa walio bora. Kocha wa shule ya upili, mathalani katika shule zilizopata sifa ya kandanda kama Kakamega, Musingu au St. Anthony's ya Kitale, alikuwa na mvulana kwa miaka minne, tangu miguu yake ingali mibichi. Kocha wa chuo cha ualimu alipewa watu wazima ambao miguu yao imekwisha kukomaa na mazoea yake mabaya, akapewa muda usiotosha, kisha akaambiwa awaachilie pindi tu wanapoanza kuelewana. Alipofaulu kuijenga timu mwezi wa saba, alijua kwamba mwaka ujao atakuwa na timu nyingine.

Wengi wangekata tamaa, au wangejitosa katika kazi hiyo shingo upande. Yeye alibuni utaratibu alioutumia miaka yote. Kila mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyechaguliwa alipewa mwenzake wa mwaka wa pili anayecheza nafasi ile ile. Tulimwita kaka wa namba. Mimi nilikuwa beki wa kushoto, namba tatu, na kaka yangu wa namba alikuwa mwanachuo mrefu kutoka Turkana. Ni yeye aliyenifunza kukitazama kiuno cha winga badala ya miguu yake, kwa kuwa miguu hudanganya na kiuno hakiwezi. Yeye alifunzwa hayo na kaka yake wa namba, ambaye sikumkuta. Nami mwaka uliofuata nikamfunza kijana kutoka Tharaka. Kwa njia hiyo, nafasi ya beki wa kushoto ilikuwa na ukoo wake, na elimu ya nafasi hiyo haikuondoka chuoni na mtu mmoja. Mkufunzi alikuwa na jicho juu ya koo zote kumi na moja, akazirekebisha pale elimu ilipopotoka. Timu ilibadilika kila mwaka, lakini namna ya kucheza haikubadilika, hata waliotushinda walijua wanacheza na nani.

Jambo la pili lililonifanya niandike makala haya kwa jarida la Kiswahili, wala si jarida la michezo, ni lugha ya kiwanja kile. Wanachuo tulitoka Embu, Mbeere, Meru, Tharaka, Ukambani, Magharibi na Kaskazini. Darasani tuliweza kuongea Kiswahili au Kiingereza bila shida. Lakini mtu anaposhtuka, ulimi hurudi nyumbani. Beki wa kati alipiga kelele kwa Kimeru, kipa kutoka Busia asifahamu chochote, na mpira ukaingia wavuni huku wawili hao wakitazamana. Mkufunzi, ambaye hakuwa mwalimu wa Kiswahili, akaamuru kwamba lugha ya uwanjani ni Kiswahili, na si Kiswahili chochote tu. Alituandalia orodha fupi ya maneno ya kupigiana kelele: toa, geuka, ngoja, panda, rudi, bana, tulia, njoo. Pamoja na hayo kulikuwa na neno mtu, la kumwonya mwenzako kwamba adui yuko mgongoni pake. Basi. Hakuna jingine lililoruhusiwa mpira ukiwa unachezwa.

Nilipoingia chuo kikuu na kusoma mofolojia ndipo nilipong'amua kwamba orodha ile ilikuwa na kanuni. Kwanza, karibu maneno yote ni vitenzi katika hali ya kuamuru. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hutanguliwa na viambishi: kuna nafsi, kuna njeo, ndipo mzizi uje. Lakini amri chanya kwa mtu mmoja huanza na mzizi moja kwa moja. Msikizaji hupata maana katika silabi ya kwanza. Pili, hapakuwa na ukanushi hata mmoja. Mkufunzi alitukataza katakata kumwambia mwenzetu usipige au usitoke. Sababu yake ilikuwa ya kiwanjani: mchezaji hana muda wa kusikia silabi mbili ambazo hazijamwambia la kufanya, na mara nyingi katika kelele za mashabiki hulisikia pige na kuukosa usi, akapiga. Badala ya kumwambia usipige, mwambie tulia. Mwambie la kufanya, wala usimwambie la kuacha. Hakuwahi kusoma isimu, ila alikuwa ameifikia kweli moja ya sarufi kwa kusikiliza magoli yanavyofungwa.

Ninadhani hapa pana jambo la kutufikirisha sisi wanafunzi wa isimujamii. Tangu shule ya upili tunafunzwa kuwa kuna sajili ya michezo, na mfano tunaopewa ni karibu kila mara ule ule: mtangazaji wa mpira redioni. Ni mfano mzuri. Wazazi wetu huku mlimani walilipata neno kandanda kutoka katika Sauti ya Kenya, na wengi wao humkumbuka Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye sauti yake iliwafanya watu waliokuwa gizani, bila televisheni, wauone mpira ukipaa. Lakini lugha ya mtangazaji ni ya kusimulia. Hutumia -na- na -me- na -ki-: anakwenda, amemhepa mmoja, akipiga ni bao. Yeye humwambia asiyekuwepo yanayotendeka. Kocha humwambia aliyepo yanayopasa kutendeka. Hizo ni sajili mbili tofauti, na moja kati yake haimo katika vitabu vyetu. Kama kuna mwanachama anayetafuta mada ya tasnifu, hii hapa bwerere.

Aidha, lugha ya mkufunzi ilibadilika kulingana na wakati. Wakati wa mapumziko hakuamuru, aliuliza. Kwa nini winga wao anapata nafasi? Nani anamwachia? Walimu watarajiwa wakalazimika kujibu kwa sentensi kamili, kama darasani. Alipotueleza kazi ya wachezaji wa katikati alituchekesha kwa neno kiungo. Alisema kiungo ni goti na ni kiwiko, mahali mwili unapojipindia. Tena kiungo ni kitunguu na dania, kinachokipa chakula ladha. Mchezaji wa katikati asiyeunganisha ulinzi na ushambulizi ni goti bovu, na anayeunganisha bila ubunifu ni mchuzi wa maji. Kanuni ya kuotea, inayowasumbua wengi, aliifafanua kwa kurejelea maana ya neno lenyewe: kuotea ni kuvizia, na kanuni inamkataza mshambulizi kumvizia kipa nyuma ya migongo ya walinzi. Tuliielewa siku hiyo hiyo.

La kunata zaidi akilini mwangu ni viambishi vyake vya nafsi. Baada ya mechi tuliyopoteza alisema, "Tumefungwa." Baada ya mechi tuliyoshinda alisema, "Mmeshinda." Miaka miwili sikumsikia akikosea. Sijui kama alifanya hivyo kwa kukusudia au ilikuwa tabia yake tu, ila tulipokuwa tukipanda lori la chuo kurudi nyumbani baada ya kushindwa, ile tu- ilitusaidia kubeba kichapo.

Nilipoanza kukusanya maelezo ya makala haya, nilitaka kujua kama kuna mahali duniani ambapo kazi hii ina jina, ina njia na ina kumbukumbu. Marekani ipo hivyo. Huko kufundisha timu ya chuo ni taaluma kamili ambayo mtu huweza kuifanya maisha yake yote, na kila mechi huandikwa. Jerry Yeagley alianza kuiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Indiana ilipokuwa klabu tu ya wanafunzi, mnamo 1963; ikatambuliwa rasmi na chuo 1973, naye akaendelea hadi 2003 alipostaafu akiwa na mataji sita ya kitaifa. Mtu yeyote anaweza leo kufungua kumbukumbu na kuona alishinda mechi ngapi, akapoteza ngapi.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha Lincoln Phillips, kipa kutoka Trinidad aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington, katika miaka ya 1970. Wachezaji wake wengi walitoka visiwa vya Karibi na Afrika. Mwaka 1971 walitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa kuishinda Saint Louis mabao 3-2. Baadaye wakapokonywa taji hilo, baada ya kuamuliwa kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kusajiliwa. Mwaka 1974 Phillips alirudi na kikosi kingine, kikashinda kila mechi ya msimu, kisha fainalini kikaikabili Saint Louis ile ile na kuishinda 2-1. Ninachokitazama katika kisa hicho si ushindi pekee. Wanafunzi walikuwa wakihitimu na kuondoka, wageni wakaingia, lakini Phillips aliweza kuwapokeza wageni madai ya waliotangulia, hata wakacheza kana kwamba ni wao waliodhulumiwa. Huo nao ni utaratibu wa kaka wa namba, japo hawakuuita hivyo.

Nchini mwetu majina ya makocha tunayoyakumbuka ni ya timu za taifa na klabu kubwa. Tunamkumbuka Marshall Mulwa, ambaye chini yake Harambee Stars ilitwaa Kombe la CECAFA miaka mitatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Tunamkumbuka Jacob "Ghost" Mulee, aliyeiongoza Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, ilipoifunga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza kabisa katika fainali hizo. Watanzania wanamkumbuka James Siang'a, kipa wa zamani wa Kenya, aliyekuwa kocha wa Simba ilipowang'oa mabingwa watetezi Zamalek wa Misri mwaka 2003. Hao wanastahili. Lakini wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila mchezaji aliyefika huko kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyempa mpira wa kwanza, na nyuma ya mwalimu huyo kuna mkufunzi wa chuo aliyemfunza kuushika mpira huo na kuupuliza kipenga. Mnyororo huu tunausoma kutoka mwisho, na aghalabu tunachoka kabla ya kuufikia mwanzo wake.

Mkufunzi wangu alistaafu 2018, alipotimiza umri wa miaka 60. Nilihudhuria hafla ya kumuaga. Wasifu wake ulisomwa kwa Kiingereza safi: mwaka aliozaliwa, vyuo alivyosoma, masomo aliyofundisha, kamati alizohudumu. Kandanda haikutajwa. Sidhani kwamba aliyeuandika alikuwa na chuki yoyote naye. Aliyatoa maelezo kwenye faili, na ndani ya faili hapakuwa na timu. Wahenga pia walisema chanda chema huvikwa pete. Siku ile chanda kilivikwa pete ya Taaluma ya Jamii. Tuliokaa viti vya nyuma, wanaume wenye vitambi sasa, tulitazamana tu.

Nilipomtembelea baadaye na kumuuliza kama jambo lile lilimuuma, hakujibu swali langu. Aliingia ndani akatoka na madaftari matatu ya jalada gumu, ya aina tuliyotumia kuandalia somo. Nilitarajia kuona matokeo ya mechi. Hayakuwamo, ila machache. Yalikuwamo majina yetu, mwaka kwa mwaka, kila jina na namba ya nafasi yake uwanjani. Na mbele ya jina, kwa kalamu za rangi mbalimbali kwa kuwa yaliandikwa nyakati tofauti, palikuwa na jina la shule ya kwanza aliyotumwa mtu huyo kufundisha. Shule za Marsabit, za Kitui, za Tana River, za Nyamira. Wengine shule mbili au tatu, kadiri walivyohamishwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiuliza habari zetu kwa simu, kwa barua na kwa kukutana na jamaa zetu stendi ya matatu, kisha akaandika. Palipokuwa na alama ya msalaba, niliuliza. Hao walikuwa wamefariki. Palipokuwa na duara dogo, hao walikuwa wameanzisha timu shuleni kwao. Kwenye mstari wangu palikuwa na duara.

Hapo nilielewa kwamba alikuwa na kipimo chake cha kazi tangu awali, na kwamba kipimo hicho hakikuhitaji hafla. Hata hivyo sikubaliani naye katika jambo moja. Yeye anaona madaftari yale ni mambo yake ya faragha. Mimi ninaona ni hati ya historia ya elimu ya nchi hii, na nina hofu ya mchwa.

Hofu yangu ina sababu nyingine. Mafunzo ya P1 yamekwisha. Tangu 2021 vyuo vya ualimu vimekuwa vikitoa stashahada ya miaka mitatu ili kuoana na mtaala mpya wa umilisi, na katika miaka ya kwanza vingi vilipata wanachuo wachache mno kwa kuwa alama za kujiunga zilikuwa zimepandishwa. Viwanja vikaota nyasi. Koo za namba zikakatika katika vyuo vingi, kwa maana hapakuwa na mwaka wa pili wa kuufunza mwaka wa kwanza. Ajabu ni kwamba mtaala huo huo umeipa michezo heshima ambayo haikuwa nayo: katika shule ya upili ya juu, ambayo kundi la kwanza lilipangiwa kuingia Januari 2026, sanaa na michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo. Hivyo basi mwalimu wa kandanda anahitajika kuliko zamani, nayo miaka mitatu badala ya miwili ingempa mkufunzi nafasi ambayo wangu hakuipata kamwe. Kinachokosekana ni urithi wa namna ya kufanya. Urithi huo upo, ila umo vichwani mwa wazee wanaopalilia kahawa, na katika madaftari.

Nami nina langu katika jambo hili. Nimefundisha katika shule ya msingi huko Mbeere, nchi ya jua na muguka, na timu ninayo. Ninasoma shahada hii wakati wa likizo za shule. Nikihitimu, matarajio ya kila mtu nyumbani, nikiwemo mimi mwenyewe, ni kwamba nitahamia shule ya upili, nifundishe fasihi na isimu ninazozipenda, na mshahara upande. Wanangu wanahitaji karo. Lakini wavulana na wasichana wanaonisubiri saa kumi jioni kwenye uwanja wenye mawe hawana wa kuwasubiri nikiondoka. Nimelala macho usiku si mmoja nikilipima hili. Ningependa kuwaambia kwamba nimeamua kubaki, maana ingekuwa hadithi tamu, sijaamua hivyo. Nitahama nikipata nafasi.

Nilichofanya ni kile nilichofunzwa. Mwaka jana shule yetu ilipata mwalimu kijana wa mafunzo ya kazi, aliyecheza kandanda sekondari. Nilimwomba aje kiwanjani. Mwanzoni alisimama pembeni akitazama simu yake. Sasa yeye ndiye huongoza mazoezi ya viungo, nami husimama pembeni. Ninampa jambo moja kila juma, kama nilivyopewa. Orodha ya maneno anayo. Majuzi nilimsikia akimpigia kelele mlinzi mdogo aliyetaka kuubutua mpira ovyo. Alisema tulia, na mtoto akatulia, akainua kichwa, akatoa pasi. Siku atakapoachiwa timu, mimi ndiye nitakuwa kaka yake wa namba, na ninatumaini hatakuwa wa mwisho.

Kwa upande wa madaftari, mzee ameniruhusu kuyanakili kwa sharti kwamba majina yasichapishwe. Nimekwisha kunakili la kwanza. Ninawaomba wanachama wenzangu, hasa ninyi mliopitia vyuo vya ualimu kabla ya kuja hapa, mfanye vivyo hivyo likizo hii. Nendeni kwa wakufunzi wenu wa mpira, wa voliboli, wa riadha, wa kwaya. Msiwaulize walishinda vikombe vingapi. Waulizeni walisema nini kiwanjani, kwa maneno gani, na kwa nini hayo wala si mengine. Kisha yaandikeni maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Sisi ndio tuliofunzwa kusikiliza lugha.